Injini ya Kusaga Unga na Ngama ya Boti

Harufu ndiyo iliyotangulia. Kabla mimi na shemeji yangu hatujang'oa ubao wa kwanza wa sakafu ya boti ile, ilikwisha kutufikia puani, na mpaka leo nikipita karibu na mtaro wa maji yaliyosimama hufumba mdomo na kuharakisha. Nimejaribu mara nyingi kuiandika katika daftari langu la kila siku na kila mara nimeshindwa. Nilisoma mpaka darasa la saba, huko Unguja, na maneno mengi niliyonayo ni ya gereji. Basi nitasema hivi: chukua dizeli iliyolala miaka, oili nyeusi, maji ya mfereji, manyoya ya mbwa na mikojo yake, vifunike kwa mbao, kisha viache vipikwe na jua la Houston. Huenda nimezidisha. Lakini sidhani.

Shemeji ni mume wa dada yangu. Walikuwa wakikaa Pearland, kando ya Houston, na yeye alifanya kazi katika hospitali moja kubwa ya mjini, kazi ya kuwainua na kuwageuza wagonjwa wasioweza kujigeuza. Aliifanya miaka mingi, na mgongo ukamwisha. Alikuwa hafungi viatu mpaka ashike ukuta. Mimi nilikuwa Irving, karibu na Dallas, naendesha basi dogo linalochukua wasafiri kutoka uwanja wa ndege kwenda mahotelini. Siku moja alipokuja kunitembelea nilimpeleka kuuona mfereji wa pale kwetu, unaopita katikati ya maofisi, na viboti vinavyotembeza watu. Alisimama ukingoni mpaka nikachoka.

"Shemeji," akasema, "ile ndiyo kazi. Mtu amekaa, ameshika usukani, na watu wanajipandisha wenyewe."

Nilicheka. Sikujua kuwa amekwisha kukata shauri.

Miezi michache baadaye alikuwa amenunua boti. Ilikuwa ndefu na nyembamba, ya mbao, na paa lake, imefungwa nyuma ya nyumba ya mzee mmoja wa Kizungu, upande wa ghuba, kule ambako nyumba hazina uwanja wa nyuma bali zina mfereji. Mzee alikuwa amefiwa na mkewe, nyumba ameiuza, anahamia kwa bintiye. Boti ilitakiwa iondoke kabla wenye nyumba wapya hawajaingia, yaani Jumapili ya mwisho ya mwezi, ikibaki, itavunjwavunjwa. Na gati pekee lililokubali kumpa shemeji nafasi lilikuwa na sharti moja: boti ije kwa injini yake yenyewe. Mizoga ya kuvutwa hawaipokei. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi. Boti ikifika kwa nguvu zake, shemeji ataacha hospitali atembeze watalii na maharusi. Isipofika, atarudi kuinua watu mpaka naye siku moja ainuliwe.

Injini iliyokuwamo ilikuwa imeganda kwa kutu, haigeuki hata kwa nyundo. Shemeji alikuwa amepata nyingine kwa mkulima mmoja, huko mashambani, ilikokuwa ikivuta maji ya kisima. Dizeli ya Kiingereza, silinda mbili, kuukuu kuliko sisi sote, ya aina ileile iliyokuwa ikiendesha mashine za kusaga unga kwetu. Nilitia hendeli pale shambani, nikazungusha, ikakohoa, ikaitika: tuk, tuk, tuk. Shemeji, mtu mzima na ndevu zake, akageukia kando akafuta macho. Baba yake alikuwa na mashine ya kusaga Pemba. Nami nilijifunza ufundi kwa kuzitengeneza mashine hizo, ndiyo maana nilikuwa nateremka kutoka Irving kila mwisho wa wiki, mwendo wa asubuhi nzima. Sikwenda kwa wema tu. Nilitaka kuisikia injini ile nami.

Siku tuliyong'oa sakafu, mzee alikaa kitini juu ya gati lake dogo na kututazama. Lazima niseme haki yake: hakutuficha kitu. Tangu siku ya kwanza alimwambia shemeji kuwa mbwa wake aliishi ndani ya boti, kwamba mwishoni alikuwa mzee hawezi kujizuia, na kwamba alifia humo, pembeni ya injini, penye joto. Shemeji alilisikia neno "mbwa" lakini nadhani akili yake ilikuwa kwenye usukani.

Tukafunga winchi ya mnyororo kwenye boriti ya kibanda cha boti, tukaivuta injini iliyokufa. Ilipoachia, ikatoa sauti kama buti linalotolewa kwenye tope. Na chini yake tukaiona ngama. Kwa asiyejua, ngama ni chini kabisa ya chombo, kule maji yote machafu yanakokwenda kukutana. Ngama ile haikuwa na maji. Ilikuwa na rojo. Rojo jeusi, zito, lenye ngozi juu kama uji uliopoa, na ndani ya ngozi ile manyoya marefu ya rangi ya kahawia yamelala upande mmoja, yamechanwa vizuri. Nilichovya fimbo nikaivuta, rojo likaifuata juu kwa uzi mrefu, halafu uzi ukakatika ukanipiga kwenye mdomo.

Nilitapika ndani ya mfereji. Shemeji hakutapika, lakini alikuwa amevuta fulana mpaka machoni.

"Alikuwa msichana mzuri," mzee akasema kutoka kitini, kwa sauti ndogo. "Hajapata kumuuma mtu."

Nikamwitikia kwa kichwa. Mtu analilia kipenzi chake, nami nasukutua mabaki yake mdomoni. Nilimchukia kwa dakika nzima, na sioni kuwa alistahili.

Tulichota rojo lile kwa makopo na kulijaza kwenye mapipa ambayo mzee alitutafutia, yakapelekwa kwenye kituo cha kupokea oili chafu. Hatukumwaga hata tone mferejini, na hilo lilikuwa amri ya shemeji. Mimi, nasema kweli, kufikia pipa la pili ningemwaga. Glavu zilipasuka mapema. Lilikuwa likiingia kwenye kucha na halitoki kwa sabuni wala kwa mafuta ya taa. Nikirudi Irving nilikula kwa kijiko wiki nzima, na mke wangu akanitandikia godoro sebuleni.

Ngama ilipobaki mbao tupu, mimi nikaona tumemaliza. Shemeji akaona ndiyo kwanza tunaanza.

"Hii ni najisi ya mbwa," akasema. "Mara saba, shemeji. Na moja ya udongo."

"Boti?"

"Boti, ndiyo. Nitapandisha waumini humu. Maharusi. Mtu atataka kuswali."

"Ataswali ngamani?"

"Weye usinifanyie mzaha."

Katika madhehebu yetu, chombo alichokichafua mbwa huoshwa mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Hilo nililijua tangu chuoni, kwa mwalimu wa Kurani. Lakini sisi tulifundishwa kwa mfano wa bakuli, na sikumbuki mwalimu kuzungumza habari ya boti yenye urefu wa basi. Nikamwambia ampigie simu shekhe mmoja wa Dallas anayemwamini. Akampigia palepale, simu tukaisikiliza wote. Shekhe akauliza, "Ni boti ya kulia chakula?" Kisha akasema kwamba dini si mzigo, osheni kwa kadiri mnavyoweza, Mungu anapokea. Mimi nilisikia "kwa kadiri mnavyoweza." Shemeji alisikia "osheni."

Jumamosi iliyofuata akaja na udongo. Aliuchimba nyuma ya nyumba yake Pearland, ndoo kwa ndoo, na mgongo ule. Anayeujua udongo wa Houston ameshaelewa. Ni mweusi, wa kufinyangia vyungu, ukilowa unanata kama ugali usioiva, ukikauka ni tofali. Tukaukoroga na maji, tukaumimina juu ya mbao, tukasugua kwa mafagio kila pembe, kati ya mataruma, yaani zile mbavu za boti. Halafu maji mara sita. Kila safari tulichota kwa ndoo na kukausha kwa matambara, kwa kuwa shemeji hakutaka najisi ipite kwenye pampu yake mpya. Basi pampu haikuguswa, wala hatukuona linakoishia lile tope lililojificha. Sikujua ubaya wake wakati ule. Nilichojua ni kuwa sasa uchafu ulikuwa wa aina mbili, wa mbwa na wa Pearland, na zote mbili zilikuwa zimenijaa masikioni.

Dada yangu alituletea chakula gatini, akatuona.

"Hasha!" akasema. "Mmeingia kutoa uchafu au kuuvaa?"

"Tunatoharisha," mumewe akajibu.

"Tokeni kwanza mtoharike nyie. Gari langu hampandi."

Na kweli hatukupanda. Tulirudi Pearland nyuma ya pikapu ya kuazima, barabara kuu nzima, kama mbuzi.

Kuifunga injini ndiyo sehemu niliyoipenda, na nitaieleza kwa ufupi kwa sababu kazi iliyokwenda vizuri haina hadithi. Tulikata magogo mapya ya mti mgumu yawe kitako chake. Tukaishusha kwa winchi, shemeji akiongoza kwa mkono, "polepole, polepole, mwanangu," kana kwamba anamlaza mgonjwa. Kazi kubwa ilikuwa kuifanya injini na shafti ya panga, lile linalosukuma boti majini, zitazamane sawa kabisa, kwa sababu zikipishana hata kwa unene wa ukucha, boti yote itatetemeka mpaka nati zifunguke. Tulitia bati jembamba chini ya mguu huu, tukalitoa, tukalitia chini ya ule. Nilipima, nikajitilia shaka, nikapima tena. Mpaka nikaamini. Pale shafti inapotokea nje ya boti nilikaza kizuizi cha maji kwa kiasi, maana hakikazwi mpaka kikauke. Lazima kidondoshe tone moja moja ili shafti isiungue. Tone hilo huteremka ngamani, hupita kwenye vitundu vilivyotobolewa chini ya mataruma, hufika kwenye pampu, pampu hulitupa nje. Ndivyo chombo kilivyo. Maji kuingia si aibu, mradi yanajua njia ya kutokea.

Jumapili ya mwisho ya mwezi shemeji alikuja amevaa kanzu.

"Unakwenda kuoa?" nikamuuliza.

"Nakwenda kuingia gatini kama mwenye boti."

Dada yangu naye alipanda, akiwa amebeba chupa ya chai na sufuria la mandazi lililofunikwa kitambaa, akachagua kiti cha katikati, akatandika gazeti kabla ya kukaa. Mzee akafungua kamba mwenyewe. Nikatia hendeli, nikazungusha, ikashika mara ya kwanza. Tuk, tuk, tuk. Watu wakatoka kwenye nyumba zao kutazama. Shemeji akashika usukani, na nilimwona amesimama wima, wima kabisa, kama ambavyo sikuwa nimemwona tangu arusi yake. Mzee alitupungia mkono mpaka tukapinda kona.

Tulikuwa tumefika nusu ya mfereji niliposikia mlio umebadilika. Chini ya ile tuk-tuk kulikuwa na sauti nyingine, chwa, chwa, kama mtu anafua nguo. Nikainama kufungua kifuniko cha injini.

Injini za zamani zina gurudumu zito la chuma mbele yake, linalozunguka karibu kabisa na sakafu ya ngama. Maji yalikuwa yamejaa hapo. Gurudumu likayachota na kuyarusha juu kwa tundu nililolifungua, yakaruka hadi kwenye paa na kutunyeshea sote. Hayakuwa maji. Udongo wa Pearland, oili iliyokuwa imejificha ndani ya mbao, na manyoya. Manyoya yaleyale. Baada ya mapipa yote, baada ya mara saba, yalikuwa bado yamo. Kanzu ya shemeji ikawa na mstari mweusi kutoka begani mpaka pindoni. Kitambaa cha mandazi kilizama ndani ya sufuria. Dada yangu alikaa vilevile, macho amefumba, tone limening'inia kwenye nyusi, na alipofungua mdomo alitema kwanza.

"Mara saba," akasema. "Mara saba, mume wangu."

Nikatambua palepale. Udongo ulikuwa umeingia katika vile vitundu vya chini ya mataruma, na wiki mbili tulizokuwa tunafunga injini zikaukausha ukawa tofali. Maji ya shafti yalikuwa hayana njia. Pampu ilikuwa upande wa pili, kavu, haina habari.

"Zima!" nikamwambia.

"Ikizimwa haiwaki," shemeji akajibu, na alikuwa sahihi. Hendeli inaingia pale pale kwenye gurudumu, chini, na pale pamejaa maji. Hakuna nafasi ya mtu kuzungusha. "Tutavutwa. Na tukivutwa hawatupokei."

"Basi tutazama."

"Shemeji." Hakunitazama. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani. "Mimi siwezi kurudi kule. Siwezi tena kumwinua mtu. Nakuomba."

Sina sifa ya kujipa hapa. Sikufikiri kwa ushujaa. Nilifikiri tu kwamba nikikataa nitalazimika kumtazama usoni. Nikalala kifudifudi kando ya gurudumu linalozunguka, nikapitisha mkono chini ya taruma la kwanza mpaka begani. Shavu langu lilikuwa ndani ya lile rojo. Kila gurudumu lilipopita lilinipiga kofi la maji sikioni. Nikalipapasa tundu kwa kidole, nikalikuta limeziba ndi, nikaanza kulichokonoa kwa ukucha. Udongo ukatoka kidogo kidogo kama ukoko wa sufuria, ukifuatana na vishungi vya manyoya, na kila kishungi nilichokivuta kilikuja na kingine nyuma yake, laini, chenye utelezi, mpaka nikaanza kupiga kelele bila kutaka.

Dada yangu alikuja akachutama juu yangu na ndoo, akaanza kufua maji.

"Wahenga walisema, kaka," akaniambia huku anachota, "enda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele.

"Wacha maneno, chota."

"Nachota. Weye umeshafika, mimi ndiyo kwanza najongea."

Nikacheka, na kwa kucheka nikameza. Sitaeleza ladha yake. Nilitapika nilipolala, juu ya mkono wangu mwenyewe, na mkono sikuutoa kwa sababu ndiyo kwanza tundu la pili lilikuwa linaachia. Lilipoachia nilihisi maji yakinikimbia vidoleni, baridi, kwa nguvu, na baada ya kidogo upande wa pili wa boti pampu ikaguna ikaanza kutupa nje. Tope jeusi likatoka ubavuni kwenye mfereji safi, likaacha mkia nyuma yetu. Shemeji aliliona. Yeye aliyetukataza kumwaga hata tone. Alisogeza midomo, nadhani alikuwa anaomba msamaha, na hakuuacha usukani.

Karani wa gati alikuwa amesimama ukingoni tulipoingia. Aliitazama boti, akatutazama sisi watatu, akarudi nyuma hatua moja na kuziba pua. Kisha akaonyesha kwa kidole nafasi yetu ilipo, kwa sababu sharti lilikuwa injini, na injini ilikuwa inaunguruma. Nikaizima. Palikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia pampu ikitema.

Kulikuwa na bomba la kuoshea boti. Dada yangu alinisimamisha kando yake akanimwagia kama anayeosha mkeka, mbele ya watu, na harufu haikupungua hata kidogo. Nilivua shati nikalitia kwenye pipa la taka, na mfanyakazi mmoja akaja akalitoa kwa kijiti akalipeleka kwenye pipa la mbali zaidi. Sikumlaumu. Niliichukia ngozi yangu. Nilikuwa nafikiri: kazi yote hii, injini nzuri hivi, imefungwa sawa bila hata mtetemo mmoja, na mimi nitakachokumbuka ni manyoya. Na ndivyo ilivyokuwa. Boti ile ilitembeza watu kwa miaka, harusi ngapi sijui, wote wanasema ni nzuri na inanukia udi. Mimi sijaikanyaga tena. Nikialikwa, nasingizia kwamba nina kazi Irving. Huenda si haki kwa boti.

Shemeji alikuwa amekwenda pembeni na simu yake ya mkononi, kanzu imemgandia miguuni. Nilimsikia akiongea Kiingereza cha adabu na msimamizi wake wa hospitali, akisema asante kwa miaka yote, hapana, sina ugomvi na mtu, ndiyo, nina hakika. Alirudia mara mbili kwamba ana hakika. Kisha akarudi akasimama mbele yangu. Alikuwa ameingiwa na hofu kuliko nilivyomwona ndani ya boti.

"Nime-quit," akasema. "Kazi nimeiacha. Nimeshasema."

Nikampa mkono. Aliutazama kwanza, vidole mpaka kiwiko, kisha akaushika.